Knights of Labor na AFL: milango miwili ya mfanyakazi wa Marekani

Mwaka 1886, kibarua wa Marekani aliyetaka kumkabili tajiri wa reli au wa chuma hakuweza kwenda peke yake. Alihitaji chama, na swali lilikuwa kipi.

Chama cha Knights of Labor (Mashujaa wa Kazi) kilianzishwa Philadelphia mwaka 1869 na mafundi wa kukata nguo, tena kwa siri, maana mwajiri akijua tu, kazi huna. Kilipokea karibu kila mtu: fundi, kibarua, mwanamke, mweusi. Waliofungiwa nje ni wenye benki, mawakili, wauza pombe na wacheza kamari (orodha ya kuchekesha kidogo), pamoja na Wachina, jambo lisilochekesha hata chembe. Mwaka huo wa 1886 kilifikia wanachama kama 700,000. Lakini kiongozi wake, Terence Powderly, hakupenda migomo. Alitamani viwanda vya ushirika, mali ya wafanyakazi wenyewe. Ndoto nzuri, ila tumbo halisubiri. Baada ya bomu kurushiwa polisi kwenye mkutano wa wafanyakazi katika uwanja wa Haymarket, Chicago, mwezi Mei, chama kilitupiwa lawama na watu wakaanza kukihama.

AFL (American Federation of Labor, yaani Shirikisho la Wafanyakazi la Marekani) ilizaliwa Desemba mwaka huohuo, ikiongozwa na Samuel Gompers, fundi wa kusokota sigara. Ilidai vya kuhesabika: mshahara, saa 8 za kazi kwa siku. Mgomo ukawa silaha. Ila ilikusanya hasa vyama vya mafundi; kibarua wa kawaida alibaki mlangoni.

Ningekuwa seremala, ningeingia AFL. Ningekuwa mama wa kiwanda cha nguo, ningemfuata Powderly.