Kha-nyou wa Laos na gundi wa Afrika Kaskazini

Ndugu wa karibu zaidi aliye hai leo wa kha-nyou, mgugunaji wa Laos, hayuko Asia. Yuko Afrika: ni gundi, mgugunaji wa miamba mikavu ya Tunisia, Algeria na Moroko, ambaye jamaa zake wamefika hadi Somalia na Ethiopia. Wote wawili hujificha kwenye nyufa za mawe, lakini mfanano wa maisha yao karibu unaishia hapo.

Gundi ni wa mchana. Asubuhi huota jua, kisha hula. Maji huyapata kwenye mimea. Mkia wake ni kishungi tu.

Kha-nyou hutoka usiku, katika misitu ya milima ya mawe ya chokaa ya mkoa wa Khammouane, Laos, na ng'ambo ya mpaka, Quang Binh, Vietnam. Ana mkia wa manyoya mengi kama wa kindi na uzito wa gramu 400 hivi. Jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, na kwa mnyama anayetegwa kwa kitoweo, hilo linanitia hofu.

Wanakijiji walimjua siku zote. Wanasayansi walimkuta miaka ya 1990 sokoni, akiuzwa kama nyama. Mwaka 2005 wakamtangaza kuwa wa familia mpya ya wagugunaji. 2006 mtaalamu wa visukuku Mary Dawson na wenzake wakaonyesha kuwa ni wa Diatomyidae, ukoo uliodhaniwa kutoweka miaka milioni 11 iliyopita.

Kama fedha za uhifadhi zingetosha mmoja tu, ningezipeleka Laos. Ukoo wa gundi una spishi kadhaa. Kha-nyou amebaki peke yake.