Yas na binti wa miaka 15: msinunue tiketi ya kuruka foleni

Mimi ni mtu wa Maskati, Oman, mwenye asili ya Unguja, na pembea nilizozijua utotoni ni zile za sikukuu Mnazi Mmoja, zinazozungushwa kwa mkono na kijana kifua wazi. Binti yangu aliponiambia likizo hii anataka twende kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, mimi na yeye tu, bila kaka zake, nilikubali hata kabla ya kuuliza huko kuna nini. Mtoto wa miaka 15 akimtaka mama yake kwa siku tatu, unakataaje?

Mipango yote nilimwachia yeye. Akanipangia nilale saa ngapi, ninywe chai saa ngapi, na viatu gani nisithubutu kuvivaa mbele za watu. Mimi kazi yangu ilikuwa gari na pesa, na hapo ndipo palipoharibika. Sisi raia wa Ghuba kitambulisho kinatosha kuvuka mpaka, lakini gari lazima liwe na bima inayofika Emirati. Niliikumbuka tukiwa tumeshapita Sohar, mji wa njiani kuelekea mpakani. Saa nzima ikatupotea kwenye kibanda cha bima, na binti ananitazama kwa lile jicho lake. Hoteli nayo sitaitaja jina: bwawa la kwenye picha tulilikuta limefungwa kamba, linakarabatiwa.

Siku ya kwanza tulikwenda Ferrari World, bustani ya michezo yenye jina la yale magari. Yote imo chini ya paa moja kubwa jekundu, ndani baridi, na mwezi wa Agosti hilo peke yake ni neema. Chumba cha kusalia kipo. Kila mtu anakwenda kwa ajili ya Formula Rossa, ile rola kosta, yaani treni ya kuchezea inayopanda na kushuka kwa kasi, iliyofunguliwa 2010, inayotoka kwenye kusimama hadi kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi. Inatoka nje ya jengo, kwenye upepo wa jangwani, ndiyo maana mnavalishwa miwani ya kuzuia mchanga. Mtoto aliye chini ya sentimita 140 hapandi.

Sasa, wanauza tiketi ya kuruka foleni. Nilikuwa na mkono kwenye pochi tayari, halafu nikaona bei, nikaurudisha. Wallahi ubahili wangu haujawahi kunifaa kama siku ile. Simu haipandi kwenye kile chombo, inabaki kabatini. Kwa hiyo nikampata binti yangu amesimama ubavuni kwangu, mikono mitupu, kwa muda wa karibu saa nzima. Dakika kumi za mwanzo alinuna. Kisha akaanza kusema.

Nyumbani mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiarabu. Pale foleni alianza mwenyewe kwa Kiswahili, kwa sababu hakutaka watu wasikie: rafiki yake wa tangu darasa la kwanza hasemi naye toka Ramadhani, na hajui kosa lake. Mimi nilijikaza nisitoe nasaha hata moja. Nasema "ehe" tu, "ehe, halafu?" Tukafika kwenye kona, bibi mmoja aliye mbele yetu, kajisitiri buibui lake, anawasubiri wajukuu, akageuka na kusema kwa lafudhi ya Mombasa: "Usilie mwanangu, huyo atarudi tu, nawe usimfuate." Binti alitaka ardhi ipasuke. Kisha tukacheka sote watatu mpaka mfanyakazi akatuhimiza tusogee.

Kuhusu Formula Rossa yenyewe sina mengi. Nilipiga shahada, na nilipoifikia "Muhammad" tulikuwa tumeshasimama. Akina mama wenzangu: toeni pini zote, vaeni ushungi wa kuvuta kichwani usio na ncha ya kuning'inia, miwani ije juu yake. Flying Aces, rola kosta nyingine ya hapo hapo, yenye kitanzi cha kwenda juu mita 52, binti alipanda peke yake. Mimi nilibeba mkoba.

Warner Bros. World ya 2018, bustani ya katuni na mashujaa wa sinema, nayo yote ni ya ndani, ni nzuri kama una wadogo. Wangu alipiga picha Gotham, mji wa Batman, akazunguka Bedrock, mji wa katuni ya Flintstones, mara moja, akaniuliza tunakula wapi.

Lakini pesa zangu zilipolipa khasa ni Yas Waterworld, bustani ya michezo ya maji. Imejengwa juu ya kisa cha msichana anayetafuta lulu, na sisi wa Ghuba ambao mababu zetu walizijua habari za kupiga mbizi tunaona kuna mtu aliyefikiri kabla ya kujenga. Burkini, vazi la kuogelea la kujisitiri mwili mzima, inaruhusiwa, na siku ile tulioivaa tulikuwa wengi, hakuna anayekukodolea macho. Kwenye mtelezo wa Dawwama mnaingia watu sita kwenye boya moja na kuzungushwa kwenye faneli kubwa. Tulitiwa pamoja na familia ya watu wanne tusiowajua, na baba yao alipiga ukelele kuliko mimi. Liwa Loop, mtelezo mwingine, ni ya kusimama kwenye kikasha, sakafu inafunguka, unaanguka. Nilimsindikiza hadi juu, nikateremka kwa ngazi bila haya. Chukueni viatu vya maji, maana mchana ile sakafu inakaanga nyayo.

Hapo napo simu ilikuwa kabatini kutwa nzima.

Vidogo vidogo: tiketi ya bustani zaidi ya moja ni nafuu kuliko moja moja, na basi la bure linazungusha watu baina ya hoteli na bustani, kwa hiyo gari liacheni lipumzike. Riali moja yetu ni kama dirham tisa na nusu, nanyi msijidanganye kwamba ni nyingi. Bustani tatu kwa siku tatu zilituzidi. Ningerudi ningechukua mbili.

Sasa anaitaka SeaWorld, bustani ya viumbe vya baharini iliyofunguliwa hapo hapo Yas 2023. Nimemwambia mwakani, na aanze kuweka riali zake za sikukuu.