Bekoni ya Tofu: Mpare Ajipikia Kitimoto ya Soya

Watani zetu Wachaga husema Mpare anakula ugali kwa harufu ya nyama ya jirani. Mimi utani huo nimeuishi miaka tisa. Nilikuwa mhudumu wa meza kwenye loji moja Karatu, na saa kumi na mbili asubuhi, kabla wageni hawajapanda magari kwenda kushuka Kreta ya Ngorongoro, jiko zima lilikuwa linanukia bekoni, vile vipande vyembamba vya nguruwe vya moshi. Nabeba sahani tatu kwa mkono mmoja, pua inakula, mdomo umefunga. Nimezaliwa Mamba, kwenye milima ya Upare, huko Giti ambako wamisionari wa Kisabato walifika mwaka 1903, na Walawi 11 tuliikariri kabla ya jedwali la kuzidisha. Nguruwe hapana. Lakini sijaona aya inayokataza kuvuta pumzi.

Huko huko lojini ndiko nilikoiona bekoni ya tofu mara ya kwanza. Kuna mama mmoja Mjerumani alikuwa hagusi chochote kinachotoka kwa mnyama, hata asali. Mpishi akamtengenezea vipande vyembamba vya tofu, vyekundu, vimejikunja pembeni. Vilivyobaki kwenye trei nikavionja jikoni nimesimama. Sikusahau. Sasa nipo Dar, Kimara, kazi ya loji niliacha, na tangu miezi mitatu iliyopita nimeipika nyumbani mara saba. Mbili ziliharibika, moja iliungua, nne zililiwa.

Kwa asiyeijua tofu: ni maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa maji, kama jibini inavyotokana na maziwa ya ng'ombe. Yenyewe haina ladha ya kusimulia. Ukiila hivi hivi utadhani umetafuna yai jeupe lililosahaulika kwenye friji. Ndiyo maana inafaa, maana kila utakachoiwekea itakibeba.

Nianze na tofu ya dukani, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza. Nilipanda daladala mbili mpaka duka moja kubwa upande wa Masaki (jina naliacha), nikatoa shilingi 9,500 kwa pakiti ya gramu 400. Maandishi yote ya Kichina. Muuzaji akaniambia, "Kaka, tofu ni tofu." Si kweli. Nilipofika nyumbani na kufungua ilikuwa ile laini ya kutia kwenye supu, inatikisika kama uji uliolala. Kisu kilipoigusa ikasambaratika. Nilijaribu kuikausha kikaangoni nikapata kitu kama mayai ya kuvuruga, na Mama Elia akaniuliza kama zile 9,500 zilitoka kwenye hela ya LUKU. Kwa hiyo ukinunua, bonyeza pakiti kwa kidole. Ikirudi kama sponji mpya, chukua. Kidole kikizama, rudisha rafuni. Mara ya pili nilipata ile ngumu, ikafanya kazi vizuri sana, hilo silikatai. Lakini bei ile ile, na daladala zile zile mbili.

Hapo ndipo nikasema ngoja niigandishe mwenyewe. Soya kwetu si kitu kigeni. Inalimwa Ruvuma, inalimwa Mbeya, na hakuna mama wa Kitanzania asiyejua unga wa lishe. Na sisi Wasabato tumekula nyama ya soya kwenye makambi tangu utotoni. Hata yule daktari Kellogg, wa ukoo wa kornifleki, alikuwa Msabato wakati anaanza kuunda nyama za karanga kule Battle Creek, Marekani, miaka ya 1890. Kwa hiyo nilijiona nina haki ya kurithi.

Nusu kilo ya soya, loweka usiku kucha. Asubuhi sugua maganda yatoke, si lazima yote. Saga kwenye blenda kwa maji ya moto, siyo ya baridi. Maji ya moto yanaua ile harufu ya maharage mabichi ambayo ndiyo inayofanya watu waichukie soya. Mimi natumia maji kama lita nne kwa jumla. Chuja kwa kitambaa safi, kamua kwa nguvu kama unakamua nazi. Machicha usitupe, nitayarudia.

Maziwa yakiwa jikoni, usiondoke. Narudia: usiondoke. Maziwa ya soya yanakudanganya. Yanatoa povu mapema, unadhani yamechemka, kumbe bado, halafu ukigeuka kujibu simu yanamwagika mpaka chini ya jiko na kugandia kwenye bana. Sufuria iwe kubwa mara mbili ya unachodhani unahitaji. Na lazima yachemke kweli kweli, dakika kumi hivi baada ya povu kutulia, kwa sababu soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini. Aliyewahi kunywa maziwa ya soya yasiyoiva anajua usiku wake ulivyokwenda.

Epua, acha dakika tano joto lipungue kidogo, kisha mimina maji ya ndimu yaliyochanganywa na maji ya kawaida, taratibu, kwa awamu tatu. Kwa kiasi hiki natumia ndimu nne mpaka tano. Koroga mara moja tu, funika, ondoa mkono. Ukifunua utakuta mabonge meupe yanaelea kwenye maji ya njano yaliyo wazi. Ukiona maji bado ni meupe, ongeza ndimu kidogo. Wachina na Wajapani hutumia chumvi chumvi nyingine, kama ile inayobaki maji ya bahari yakishatoa chumvi ya kula, na tofu yao haina uchachu. Yangu ina uchachu kwa mbali. Kwa bekoni haidhuru, viungo vinaufunika.

Mabonge yamwage kwenye kitambaa ndani ya kopo lenye matundu (nililitoboa kwa msumari wa moto), kunja kitambaa, weka uzito juu. Hapa watu wengi wanakosea, na ndicho mpishi wa Karatu alichoniambia siku ile: "Bwana mdogo, adui ni maji." Uzito wangu ni sufuria lenye lita tatu za maji, kwa saa mbili. Ukitaka tofu ya kuchemsha kwenye mchuzi, nusu saa yatosha. Ukitaka bekoni, saa mbili, kisha ikae kwenye friji usiku mzima ndipo ukate. Nusu kilo ya soya ilinipa karibu gramu 800 za tofu.

Nilijaribu pia kuigandisha kwenye friza. Ikiyeyuka inakuwa na vitundu kama mkate wa kumimina, inanywa viungo ajabu, lakini ukiikata nyembamba inachanika. Mara moja imetosha.

Kisu kiwe kikali na mkono uwe na subira. Unene wa sarafu mbili za shilingi mia mbili zilizopangwa. Ukikata nene unapata tofu ya kukaanga, chakula kizuri tu, lakini si bekoni.

Viungo vya kulowekea nimevibadilisha kila mara. Kilichobaki mezani ni hiki: vijiko vitatu vikubwa vya sosi ya soya, vijiko vitatu vya maji, kijiko kimoja cha sukari guru iliyoyeyushwa, kijiko cha mafuta, paprika, kitunguu saumu cha unga, pilipili manga, na ukwaju kidogo sana. Maji hayo usiyadharau. Mara ya kwanza sikuyaweka, na mama mkwe wangu, ambaye ana presha, alikuwa nyumbani. Kijiko kimoja kikubwa cha sosi ya soya kina karibu gramu nzima ya sodiamu. Watu wanakimbia bekoni kwa sababu mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, halafu wanakuja kuogelea kwenye chumvi. Loweka saa mbili, geuza mara moja.

Sasa moshi. Wazungu wana moshi wa maji ndani ya chupa. Kachupa kadogo kuliko cha dawa ya kikohozi niliambiwa shilingi 28,000, nikakarudisha rafuni kwa heshima zote. Mpangaji mwenzetu ni mama wa Tanga, na ndiye aliyenionyesha: chukua kaa la moto jekundu, liweke kwenye kikombe cha chuma katikati ya bakuli la tofu, dondoshea mafuta matone mawili, funika haraka, dakika kumi. "Si tunafukiza mishkaki hivi hivi," akasema, kama mtu anayeshangaa kwa nini nilikuwa nasumbuka. Hii hatua peke yake naipa nyota zote tano. Kabla ya kaa la moto nilikuwa na tofu yenye chumvi. Baada ya kaa nilisimama pale uani nikajiona nipo Karatu saa kumi na mbili asubuhi, sahani tatu mkononi.

Kukaanga: mafuta vijiko viwili, moto wa wastani, dakika nne kila upande, usichokonoe. Sukari guru inaungua upesi, ndiyo iliyonimalizia ile sahani moja. Mwenye oveni aweke nyuzi 190 kwa dakika 25, ageuze katikati. Nimejaribu kwa jirani mwenye oveni. Zinakauka sawasawa zaidi lakini zinakosa ile kingo nyeusi ya kikaangoni.

Tatizo langu kama mkaguzi ni moja kubwa: sijawahi kuonja bekoni yenyewe. Kwa hiyo nilimwita Mangi, mwenye duka la kona, mtu ambaye Jumapili ukimkosa dukani utamkuta kwenye kitimoto na ndizi. Nikamwekea sahani, sikumwambia chochote. Akatafuna kipande cha kwanza polepole, kama anahesabu chenji.

"Mpare, hii si kitimoto."

"Najua. Ila inafanana?"

"Hapana." Akachukua cha pili. "Kitimoto ukiitafuna mafuta yanakujibu. Hii haijibu." Akachukua cha tatu. "Hii ni kama samaki wa moshi. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, wale wakavu."

Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikakubali kwamba ana haki. Mafuta ya nguruwe yana utamu wake unaoyeyuka mdomoni, na tofu haina wa kuuleta, hata ungeinywesha pipa la mafuta. Ukiila na mayai na mkate, asubuhi, kama wageni wa loji, vipande viwili vya kwanza vinafurahisha, cha tatu unaanza kutafuta chai. Kwa anayeitafuta bekoni kabisa kabisa, aliyeizoea akaiacha, naipa nyota mbili. Atakumbuka alichokiacha.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alikataa katakata neno bekoni, alidai ni jina la najisi hata likiwekwa kwenye maharage. Alivitazama vile vipande vyekundu vilivyojikunja, akaviita magome. Ijumaa mchana nikiwa naivisha makande ya Sabato, maana kwetu jua likizama jiko limefungwa, akaingia jikoni, akachukua vipande sita, akavivunjavunja kwa vidole na kuvitupa kwenye sufuria bila kuomba ruhusa.

"Mama, hivyo ni vya asubuhi."

"Baba Elia, wewe nyamaza. Makande yako yamepooza."

Makande unayajua: mahindi na maharage, yakichemka saa nne, na mtu akikosa nazi au karanga yanakuwa chakula cha wajibu. Jumamosi baada ya ibada tulipoyapasha, moshi ulikuwa umeingia mpaka ndani ya punje. Hapakuwa na harufu ya soya. Palikuwa na kitu kama cha jikoni kwa bibi, kule mlimani, nyama ilipokuwa ikining'inizwa juu ya mafiga. Elia, ambaye kwa kawaida huchagua maharage na kuyapanga pembeni ya sahani, aliongeza. Tangu siku hiyo sikai tena kubishana kama inafanana na nguruwe. Naivunja. Naitia kwenye makande, kwenye mchicha, juu ya viazi vya kuponda, na mara moja kwenye kachumbari. Kwa matumizi hayo naipa nne na nusu. Nusu naikata kwa ajili ya zile saa mbili za kukamua maji.

Machicha niliyosema nitayarudia: changanya na kitunguu, giligilani na unga wa dengu kidogo, fanya kababu. Usipozipika siku hiyo hiyo zinachacha, hasa kwa joto hili la Dar.

Hesabu. Soya nusu kilo 1,700, ndimu 500, viungo na sukari guru kama 2,000 ukigawanya, kaa la moto la jirani bure. Gramu 800. Pakiti ya Masaki ni nusu ya hizo kwa 9,500, na daladala hujalipa. Anayeishi karibu na duka lenye tofu ngumu na ana haraka anunue, simlaumu. Mimi sina haraka hiyo. Kwenye friji magome yanakaa siku nne yakiwa yamefunikwa. Yakianza kulainika yarudishe kikaangoni dakika moja.

Mama mkwe alipopanda basi kurudi Same alibeba kopo la siagi limejaa, nikamwonya ayamalize upesi, si ya kuweka. Jumapili akapiga simu. Yameisha, na mchungaji, aliyekula makande kwake, anauliza yanapatikana wapi.

Nikamtajia bei.