Nimejaribu programu ya ramani ya sanamu: uzoefu wangu

Miaka tisa napita njia ile ile kwenda kazini. Ungeniuliza mwezi uliopita njiani kuna sanamu ngapi, ningekujibu moja, ile ya mpanda farasi, maana ndipo tunapokutania. Kumbe ziko saba.

Nimezijua kwa programu ya bure ya simu inayokuonyesha sanamu za mjini kwenye ramani, ukiifikia moja inakusimulia habari zake masikioni. Jumamosi nikaamka mapema, nikatembea.

Ya tatu ndiyo iliyoniweza. Mwanamke ameketi nyuma ya kituo ninachosubiria basi kila jioni, nami siku zote nikidhani ni kipande cha ukuta. Msimulizi akaniambia nichuchumae nitazame ukingo wa chini. Kweli, jina la msanii lipo, na kando yake mhuri mdogo wa karakana iliyomimina bronzi. Mwili wote umeshika ukijani, ila goti la kulia linang'aa kama dhahabu. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Hewa na mvua huivisha utando wa kijani, lakini panaposuguliwa kila siku utando haupati nafasi. Huko Edinburgh pua ya sanamu ya mbwa Greyfriars Bobby imeng'aa vivyo hivyo kwa mikono ya watalii, hadi wageni wakaombwa waache kuigusa. Basi na mimi goti sikuligusa. (Haya, nililigusa kidogo.)

Kasoro zipo. Alama mbili kwenye ramani zimekosewa. Kwa ajili ya ile ya sita nililizunguka jengo mara tatu. Betri nayo inaliwa vibaya. Halafu msimulizi hajui kunyamaza. Kwenye sanamu ya chuma chenye kutu alieleza vizuri kwamba kutu ile ni ya makusudi: ni chuma cha Cor-Ten, kama cha sanamu ya Picasso iliyozinduliwa Chicago mwaka 1967, ambacho kutu yake hugandamana na kukinga chuma cha ndani. Angeishia hapo! Akaendelea na tuzo za msanii mpaka nikagundua natazama simu badala ya sanamu. Nikavua vipokea sauti.

Nyota nne. Jumatatu basi lilichelewa, nikazunguka nyuma ya kituo. Mzee mmoja alikuwa ameketi pale anasoma gazeti, mkono mmoja juu ya goti lile, analipapasa bila habari.