TAHADHARI: Chupa za "Dawa ya Mapafu" zinazozungushwa Langoni

Ndugu zangu wa Lamu, kuna kijana anapita mlango kwa mlango Langoni, na jioni hukaa Mkunguni, akiuza chupa ya unga wa manjano kwa shilingi 3,500. Anadai inatibu "mapafu yaliyoingiwa na sumu ya damu". Msinunue.

Kijana wa jirani yetu, mvuvi, alichomwa mguu na mwiba wa samaki aitwaye taa. Kidonda kikatunga usaha, homa ikapanda, akawa anahema mbio na maneno hayashikani. Muuzaji akaja, akataka pesa kwanza kwa M-Pesa, kisha akawaambia wasimpeleke hospitali mpaka amalize chupa. Bahati nzuri mjomba wa mgonjwa hakumsikiliza. Usiku ule ule mgonjwa alitiwa oksijeni hospitalini na dawa za kuua bakteria kwenye mshipa. Sasa anatembea.

Chupa nimeishika mwenyewe. Ni ya maji ya dukani, imebanduliwa karatasi na gundi bado inanata. Ndani ni harufu ya manjano na pilipili manga, basi. Namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu haipo, wala tarehe. Huja na karatasi ya Kiingereza, eti utafiti, yenye picha za mapafu. Nimeisoma yote: mapafu yenyewe ni ya panya! Anajua wateja hawafiki ukurasa wa pili.

Sipingi mitishamba. Kemikali za mimea kama kurkumini ya bizari ya manjano, kwasetini ya vitunguu na resveratroli ya zabibu zinachunguzwa kweli, maana zimepunguza uvimbe wa mapafu kwa panya waliotiwa sumu ya bakteria makusudi. Hata artemisinini, dawa ya malaria, ilitoka kwenye mmea, na mwanasayansi wa China aliyeigundua, Tu Youyou, akapewa Nobel mwaka 2015. Lakini ile ilipimwa kwa wagonjwa, dozi ikajulikana. Kurkumini ukiimeza, inayofika kwenye damu ni kidogo mno.

Na sepsisi, ndiyo hiyo watu huiita "sumu ya damu", haingoji. Mwili ukipigana na maambukizi kupita kiasi hujidhuru wenyewe: mishipa midogo huvuja, vifuko vya hewa vikajaa maji. Mgonjwa anayehema haraka na kuchanganyikiwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

Muuzaji hubadilisha laini kila mara, kwa hiyo namba yake siiweki. Mliokwisha kununua, msitupe chupa wala kufuta ujumbe wa M-Pesa. Pelekeni vyote polisi.