Pedersen au Garand: ukizifyatua zote mbili

Bunduki ya Pedersen ilijaribiwa na Jeshi la Marekani miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa 1930, haikupitishwa. Ukiifyatua, kinachokushtua kwanza ni komeo lake, chuma kinachoziba nyuma ya mtutu. Halirudi nyuma moja kwa moja. Linakunjika kwenda juu kama goti, karibu kabisa na macho yako, linatema ganda, kisha linanyooka. Garand, bunduki iliyoshindana nayo, haina mkunjo huo: gesi ya baruti husukuma pistoni iliyo chini ya mtutu, komeo likazunguka na kurudi nyuma.

Begani, Pedersen ni laini zaidi. Risasi yake ya inchi 0.276 ni ndogo kuliko ile ya 0.30 iliyotumika jeshini tangu 1906, kwa hiyo teke lake ni jepesi. Lakini ichukue risasi yenyewe mkononi: imepakwa nta, tabaka jembamba la kusaidia ganda liteleze kutoka chemba, sehemu ya mtutu inamokaa risasi. Garand hula risasi kavu. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa, maana askari analala kwenye vumbi na matope.

John Garand, mbunifu wa bunduki hiyo, alikuwa na toleo la 0.276 pia, lenye klipu ya risasi 10. Mwaka 1932 Jenerali Douglas MacArthur, mnadhimu mkuu, akakataa kubadili kipenyo. Maghala yalikuwa na shehena ya risasi za 0.30. Toleo la Garand la 0.30, la risasi 8, likapitishwa 1936 kwa jina la M1.

Uwanjani ningeanza na Pedersen, nilione goti lile likikunjika. Ya kwenda nayo vitani ni Garand, bila kusita.