Kiingilio kiende wapi? Maonyesho ya jukwaani Arusha na Moshi, kuanzia la kununua kwanza

Kila ikifika Novemba simu yangu hujaa swali moja: "Dada, kuna nini cha kwenda kuona, na watoto wanaruhusiwa?" Watu wanapanga safari za kurudi nyumbani Moshi, shule zinakaribia kufungwa, na mabango yameanza kubandikwa kwenye nguzo na vioo vya vifodi, magari yetu madogo ya abiria. Kila bango lina picha ya msanii na bei mbili, ya kawaida na ya VIP. Ninachokitafuta mimi kabla ya yote hakiandikwi hata siku moja: je, nitasikia?

Nimelijua hilo kupitia mama mkwe wangu. Nilimpeleka pamoja na watoto wawili kwenye usiku wa vichekesho, kwenye bustani ya hoteli moja hapa Arusha. Tangazo lilisema saa 1 usiku. Mchekeshaji wa kwanza alishika maiki saa 3 na nusu. Sisi wa bei ya kawaida tulipangwa nyuma, upande wa jenereta, miguu ya viti vya plastiki ikizama kwenye nyasi zilizolowa. Mbele watu walikuwa wanavunjika mbavu. Huku nyuma tulisikia mwanzo wa kila sentensi, mwisho ukamezwa na mngurumo. Mama akanigusa goti. "Mwanangu, kasemaje?" "Sijasikia, mama." Akavua kitenge, akamfunika mjukuu aliyekwisha kulala, akabaki anatazama migongo ya watu wanaocheka.

Kichekesho hukaa kwenye neno la mwisho. Ukilikosa hilo, umelipia kiti tu. Ndiyo maana mpangilio huu haufuati ukubwa wa jina la msanii. Unafuata kile utakachorudi nacho nyumbani kwa shilingi uliyotoa, na kwa miji yetu hii miwili kinategemea zaidi mahali onyesho linapofanyika na saa linapoanza.

1. Ngoma na sarakasi za mchana

Kwa familia, hii ndiyo ya kununua kwanza, na sababu ni nyepesi: ngoma haihitaji spika. Umeme ukikatika, onyesho linaendelea. Mtoto wa miaka minne anaelewa, bibi wa miaka sabini anaelewa, na saa 12 jioni mko njiani kurudi.

Vikundi vizuri havichezi ngoma moja. Utaona bugobogobo ya Wasukuma na majembe yao, sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni, halafu sarakasi katikati ili wapigaji wapumzishe mikono. Fika mapema, zunguka nyuma ya jukwaa, utazame kama wamewasha moto. Ngozi ya ngoma ikipata unyevu hulegea na sauti hushuka, na Arusha, mji ulio kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mwezi Julai hewa huwa ya baridi na unyevu. Mara ya mwisho nilikuta kijana amechuchumaa, amewasha maboksi na majani makavu, anaigeuza ngoma taratibu kama mtu anayechoma mahindi. Anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Alifanya hivyo kwa ngoma tano, moja moja, kabla hajakuja mtu yeyote. Nikajua hatujapoteza hela.

Kwenye sarakasi angalia chini. Kikundi kinachowajali wasanii wake hutandika mikeka mizito au magodoro pale wanaporuka. Wakijenga mnara wa watu watatu kwa watatu juu ya saruji tupu, mimi huwa nawaondoa wanangu, kwa sababu sitaki waone kijana akivunjika shingo.

Tahadhari moja kuhusu hoteli: mara nyingi bei wanayokutajia imejumuisha chakula cha mchana, na chakula ndicho kinachopandisha. Uliza kiingilio cha onyesho peke yake. Na vijana wanne kuruka kimasai dakika kumi kando ya bwawa la kuogelea si onyesho la kulipia. Uliza ratiba ni ya muda gani; chini ya saa nzima, acha.

2. Vichekesho kwenye ukumbi wa ndani

Hii ni ya wakubwa, na kwa wakubwa ningeiweka namba moja. Stendapu imekua haraka nchini. Majukwaa kama Cheka Tu ya Dar es Salaam yametoa vijana wengi, na baadhi yao hufanya ziara kaskazini. Ila masharti yangu hapa ni makali: ukumbi wenye paa na kuta, watu wasiozidi mia tatu hivi, na wewe ukae theluthi ya mbele.

Bajeti ikibana, nenda na watu wachache ukae mbele. Tuseme kawaida ni 10,000 na VIP ni 20,000. Watu wanne nyuma ni 40,000. Wawili mbele ni 40,000 hiyohiyo. Nenda wawili. Wengine wawili waende safari ijayo.

Usidharau wachekeshaji wa hapahapa. Nyota wa mbali hushuka kwenye gari, anasema yale aliyoyasema Mwanza na Dodoma, anaondoka. Chalii wa Chuga, yaani kijana wa Arusha, anajua kwa nini watu wa mtaa wa Sakina wanacheka ukitaja foleni, na anajua utani wetu. Desemba iliyopita nilimpeleka mama mkwe tena, safari hii Moshi, ukumbi mdogo, safu ya tatu. Mama ni Mpare wa Usangi. Mchekeshaji, Mchaga wa Machame, akaanza: Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe afungue kesi. Ukumbi ukacheka. Mama akasimama palepale, mkono kiunoni: "Na wewe Mchaga, umekuja kusalimia wazazi au umekuja kuhesabu migomba?" Yule kijana akanyamaza, akashusha maiki, akapiga goti jukwaani: "Shikamoo, mama." Watu walipiga meza mpaka soda zikamwagika. Katika bustani ile yenye jenereta hayo yasingetokea kamwe. Mama asingesikia cha kujibu.

Kuhusu watoto, usikisie. Piga namba iliyo kwenye tangazo uulize moja kwa moja kama kuna lugha ya wakubwa. Mwandaaji mwaminifu atakwambia, na wengine hutenga kipindi cha mchana cha kifamilia na usiku wa watu wazima.

3. Maigizo ya jukwaani

Hapa naandika kwa uchungu kidogo. Nchi yetu ina Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, inayofundisha watu kuigiza kwa sauti na mwili bila kamera. Lakini mtu wa Arusha anaweza kumaliza mwaka bila kuona mchezo mmoja wa kulipia. Nimeuweka wa tatu kwa sababu ya uhaba tu. Ukiona tangazo la mchezo wa jukwaani, nunua siku hiyohiyo.

Mahali pa kuutafuta ni vituo vya utamaduni, vyuo, na shule za sekondari zinazojiandaa na mahafali. Mchezo wa shule huwa hauna bei kubwa, na mwalimu mwenye moyo huwafundisha wanafunzi kuongea hadi safu ya mwisho isikie bila maiki, jambo ambalo waigizaji wengi wa runinga hawaliwezi. Afisa utamaduni wa halmashauri naye ni mtu wa kumfahamu, kwani vikundi vingi hupitia kwake. Michezo ya kuigiza inasimamiwa na sheria ya mwaka 1976 pamoja na filamu, na inatakiwa iwe na kibali, kwa hiyo una haki kabisa ya kuuliza umri unaoruhusiwa.

4. Bendi na hiphop

Bendi ya live kwenye bustani ni nzuri kwa watu wanaotaka pia kuongea na kula. Siku ya katikati ya wiki mara nyingi hakuna kiingilio, unalipia kinywaji. Jibane kidogo ubaki na noti ndogondogo za kuwatunza waimbaji. Ndiyo heshima yao.

Hiphop ni urithi wa Arusha. Kundi la X Plastaz lilichanganya mashairi na uimbaji wa Kimasai, kundi la Nako 2 Nako likafuata, na rapa Joh Makini ametoka hapahapa. Nenda kwenye onyesho dogo ambalo wasanii wanashika maiki wenyewe, na uulize kama ni live au wanaimba juu ya CD. Wakisema CD, kiingilio kishuke. Watoto abaki nao mtu nyumbani, maana maonyesho haya huanza usiku mnene na mengi hufanyika penye baa.

5. Uzinduzi wa kwaya na matamasha ya injili

Kiingilio kidogo au hakuna, na sauti za kwaya zetu za kaskazini ni za kiwango cha juu kabisa. Mkiwa ndani ya kanisa, zile kuta zinawabeba. Kinachonifanya nishushe nafasi yake ni muda. Kuna risala, kuna mgeni rasmi, kuna harambee, na wimbo uliokuja kuusikia unaweza kuja saa ya nne tangu mkae. Chukua maji na vitafunwa vya watoto.

6. Tamasha la uwanjani

La mwisho, ingawa ndilo lenye mabango makubwa zaidi. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, hapa Arusha, umepewa jina la mshairi, mtu aliyeishi kwa kupima mizani na vina, naye pia alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Inaniuma kwamba maneno ndiyo hupotea kwanza pale. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mita 100 kutoka jukwaani, unaona mdomo ukifunguka na neno linakufikia karibu theluthi ya sekunde baadaye, na upepo ukigeuka halifiki. Kwa kuruka na kuimba pamoja na umati, sawa, vijana waende. Kwa vichekesho uwanjani, sitoi hata senti. Ukitaka onyesho kubwa la kukaa, subiri linapofanyika ukumbi wa Simba, kwenye Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC). Unachukua zaidi ya watu 1,000, lakini ulijengwa kwa ajili ya watu kusikiliza wenzao wakiongea.

Kabla hujatuma hela

Moshi ina misimu yake. Wiki mbili za mwisho za Desemba watu wote wamerudi, bei zinapanda na kumbi zinajaa, hivyo nunua tiketi za mapema. Mwishoni mwa Februari kuna Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa tangu 2003, na vyumba vya kulala huadimika kuliko tiketi. Machi hadi Mei ni masika. Onyesho la nje lisilo na paa wala siku mbadala iliyotajwa, liache. Ukitoka Moshi kuja Arusha kwa onyesho la usiku, hesabu kilomita 80 za kurudi, kwani magari ya abiria huanza kupungua jioni. Nauli ya gari la kukodi inaweza kuzidi kiingilio chenu nyote.

Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa la mtu usiyemjua badala ya ukumbi au mwandaaji, simama hapo. Usinunue picha ya tiketi kutoka kwa mtu mtandaoni. Ile alama ya kwenye tiketi ikishasomwa mara moja getini, wa pili anarudishwa. Ni bora umpigie mwandaaji mwenyewe na umuulize mambo matatu: mnaanza saa ngapi kweli, kiti changu kiko wapi, na jenereta mmeiweka upande gani. Akijibu la tatu bila kusita, tuma hela.